Nazi kila siku, nywele bado kavu

SWALI: Nilitia nywele dawa, sasa zakatika nikichana. Napaka mafuta ya nazi kila siku wala hazilainiki. Nifanyeje? – Msomaji, Wete

JIBU: Dada, mafuta hayaongezi maji, huyazuia tu yasitoke. Usiku kabla ya kuosha, pasha vijiko 2 vya mafuta ya nazi kwenye kikombe ndani ya maji moto, paka kuanzia ncha, funga kitambaa. Hupenya ndani ya unywele, ukioshwa hauvimbi sana. Asubuhi osha, zikiwa bado na unyevu, paka mafuta hayo nusu kijiko cha chai, uchane kwa kitana cha meno mapana. Mafuta ya mbarika (nyonyo) ni mazito, hugandisha nywele. Changanya sehemu 1 kwa 3 za nazi. Ya karafuu, tafadhali, usipake matupu: huunguza ngozi. Ncha zilizopasuka haziungiki, zikate.