Vidole vimevimba baada ya kufungwa plasta: ni kawaida au ni hatari?

SWALI: Mume wangu aliteleza akaangukia kiganja, mkono ukavunjika juu kidogo ya kifundo. Mfupa ulinyooshwa, akafungwa plasta ya chini ya kiwiko. Leo ni siku ya tatu na vidole vimevimba. Ni kawaida? Na kwa nini ameambiwa arudi baada ya wiki apigwe eksirei nyingine, wakati mfupa umesharudishwa mahali pake?

JIBU: Poleni sana. Uvimbe peke yake si ajabu. Mfupa ukivunjika, damu humwagika ndani ya nyama, na kwa siku 2 au 3 za mwanzo uvimbe huongezeka. Mkono ukining'inia, wote hushukia vidoleni. Akilala, mkono ulazwe juu ya mito, kiganja kiwe juu kuliko moyo. Kila saa akiwa macho, akunje ngumi na kuikunjua, apinde kiwiko na kuinua bega.

Cha kuangalia zaidi ni maumivu. Plasta haitanuki, kwa hiyo nyama ikivimba ndani yake hubana mishipa ya damu. Mnyooshee vidole taratibu, kimoja kimoja, yeye akiwa ameulegeza mkono. Akisikia maumivu makali ndani ya kigasha, au maumivu yakizidi japo amemeza dawa na mkono umeinuliwa, nendeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Vivyo hivyo vidole vikifa ganzi, vikipauka au vikiwa baridi. Bonyeza ukucha hadi uwe mweupe, kisha uachie: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Lakini ikirudi, usitulie kwa hilo tu, kwani misuli ya ndani inaweza kukosa damu huku ukucha una rangi na mapigo yanasikika. Misuli iliyobanwa hivyo huanza kufa baada ya saa 6 hivi, na ikishakufa hairudi.

Hospitali wataipasua plasta urefu wote pamoja na pamba na bandeji, hadi ngozi ionekane. Pamba iliyogandishwa na damu hubana kama plasta yenyewe, kwa hiyo isiachwe. Mkiwa njiani, mkono uwe usawa wa moyo tu, maana ukiinuliwa zaidi damu inayofika hupungua.

Kuhusu eksirei: uvimbe ukishuka, plasta hulegea, na kipande cha mfupa kinaweza kuteleza pole pole bila mgonjwa kusikia chochote. Hutokea zaidi mfupa ukiwa umesagika upande mmoja, au kwa mtu mzima ambaye mifupa yake imepungua uimara. Kikigunduliwa ndani ya wiki 2 za kwanza, bado kinanyoosheka, au hushikiliwa kwa nyaya au bamba la chuma na skrubu. Kuanzia wiki ya 3 mfupa mpya huwa umeanza kukishika, na kukirekebisha huwa kazi ngumu. Kwa hiyo asikose tarehe hiyo.

Plasta kwa kawaida hukaa wiki 5 hadi 6, kwa mtoto 3 hadi 4. Asiilowanishe, wala asiingize kijiti kujikuna, kwani kidonda kikianza humo hakionekani. Kama anavuta sigara, aache sasa: huchelewesha mfupa kuunga. Plasta ikitolewa, kifundo kitakuwa kigumu. Aanze mazoezi siku hiyohiyo, ila kunyanyua mizigo kusubiri ruhusa ya daktari.