Joto linavyofichua msuguano wa ufa

Umeuliza kama msuguano wa ufa wa ardhini, yaani mpasuko ambao miamba ya pande zake mbili huteleza wakati wa tetemeko, unapimika baada ya tetemeko kupita. Unapimika, kwa joto. Sugua viganja vyako kwa nguvu, utanielewa. Baada ya tetemeko la Japani la 2011, wanasayansi walitoboa sakafu ya bahari, zaidi ya mita 800 kwenda chini, wakateremsha vipimajoto hadi kwenye ufa wenyewe. Walikuta ziada ya nyuzi 0.31 tu! Kwa mtelezo wa mita 50 hivi, hicho ni kijoto kidogo mno. Wakakokotoa uwiano wa msuguano, yaani nguvu ya msuguano ikigawanywa kwa nguvu inayobana pande mbili za ufa: kama 0.08, ilhali miamba mingi hutoa 0.6 au zaidi. Ufa ulijaa udongo wa mfinyanzi, laini na wenye utelezi. Ila udongo laini si salama: utelezi huo ndio uliochangia tsunami kuwa kubwa vile.