Kabla hujamwambia mgonjwa "usiache dawa", mpime anajiamini kiasi gani

Ukimuuliza mgonjwa "dawa unakunywa vizuri?", jibu ni "ndiyo". Anajua unachotaka kusikia, na hataki kukuudhi. Nimewahudumia wagonjwa wa presha na kisukari kwenye dirisha la dawa kwa miaka mingi, na kama kuna jambo ningemsihi mfamasia au muuguzi mwenzangu aanze nalo kesho, ni hili: pima jinsi mgonjwa anavyoamini kwamba ataweza kunywa dawa zake kama alivyoandikiwa.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2003 kwamba hata katika nchi zilizoendelea, ni wastani wa nusu tu ya wenye magonjwa ya muda mrefu wanaofuata matibabu ipasavyo. Ile nusu nyingine nakutana nayo, na wengi si wakaidi hata kidogo. Maelekezo wanayajua kwa moyo. Kinachowashinda ni siku mambo yanapokwenda mrama.

Mimi hutumia dodoso la kupima jinsi mgonjwa anavyojiamini katika kunywa dawa, liitwalo SEAMS, lililochapishwa mwaka 2007. Lina maswali 13, na kila moja lina majibu matatu: sina uhakika, nina uhakika kiasi, nina uhakika sana. Alama ni 1 hadi 3, kwa hiyo jumla huanzia 13 na kuishia 39. Uzuri wake ni kwamba halimuulizi mtu kwa jumlajumla. Utaweza kunywa dawa ukiwa safarini? Ukiwa na shughuli nyingi? Asipokuwepo wa kukukumbusha? Dawa zikikuletea maudhi? Daktari akibadilisha dawa?

Kuna mama mmoja alikuwa akijibu "nina uhakika sana" bila hata kufikiri, mpaka tulipofika swali la vidonge vipya vyenye mwonekano tofauti na vya zamani. Akanyamaza. Akafungua mkoba, akatoa karatasi nzima ya vidonge, hakuna hata kimoja kilichotobolewa. "Mwanangu, hizi mlizonipa safari hii sizijui. Zangu ni nyeupe za mviringo." Ilikuwa dawa ileile, kipimo kilekile, ila imetengenezwa na kiwanda kingine. Presha yake ilikuwa juu, na daktari alishaanza kufikiria kumwongezea dawa.

Ndiyo maana nasema jumla ya alama isikupumbaze. Mtu anaweza kupata 37 na bado lile swali moja alilopata 1 ndilo linalomrudisha wodini. Tafuta jibu la chini kabisa, kaa nalo hapo, tafuteni pamoja njia ya kulivuka.

Asiyesoma msomee, taratibu, kwa sauti ileile kila jibu, usimvutie upande mmoja. Na tafadhali, muulize akiwa peke yake. Mbele ya mwanawe au mkewe utapata majibu ya heshima.

Foleni ikiwa ndefu, swali moja latosha: "Kuanzia 0 hadi 10, una uhakika kiasi gani kwamba utakunywa dawa hizi kila siku mpaka turudi kuonana?" Akisema 5, usimuulize kwa nini si 10, maana ataanza kujitetea. Muulize kwa nini 5 na si 2. Hapo atakutajia mwenyewe kinachomsaidia, kisha muulize nini kingempandisha hadi 7. Wengine husema jambo dogo tu, kama kuomba daktari awape dawa ya mara moja kwa siku badala ya mara tatu.

Lakini kujiamini siyo ushahidi kwamba dawa imemezwa. Linganisha na tarehe alizokuja kuchukua dawa, vidonge vilivyobaki na vipimo vyake. Anayejiamini sana huku sukari haishuki huenda anakosea kipimo kwa uaminifu kabisa, basi mwombe akuonyeshe anavyokunywa. Andika alama kwenye faili pamoja na swali lililomshinda, na umpime tena kila dawa inapobadilishwa au anapotoka kulazwa.