Binti yangu ni beki wa hoki, baba yake anataka acheze mbele

SWALI: Shikamoo Kocha. Naishi Majengo, Moshi. Binti yangu wa pili yuko kidato cha pili na mpira wa magongo ameupenda kuliko kitu kingine chochote. Mwalimu wake kampanga beki. Baba yake hataki. Anasema beki hafungi magoli kwa hiyo hakuna atakayemwona, bora aende mbele au aache kabisa. Mimi nahofia meno, maana mwezi uliopita alirudi mdomo umevimba. Je, beki anaweza kufika mbali na kuishi kwa mchezo huu?
Mama N., Moshi

JIBU: Marahaba mama, na mpe binti pole. Barua yako nimeirudia mara mbili, kwa sababu na mimi nilikuwa beki. Nilicheza miaka kumi na mitatu hapa Arusha, kwenye uwanja wa changarawe, ambako mpira ukigonga jiwe hujui utakuibukia wapi. Tulikuwa tunakunja maboksi na kuyafunga ugokoni kwa kamba ya katani. Kovu la mguu wa kushoto ninalo mpaka leo.

Nianze na baba yake. Mpe habari za Avtar Singh Sohal, jirani yetu wa Kenya. Alikuwa beki, na alicheza Olimpiki nne mfululizo: Roma 1960, Tokyo 1964, Mexico City 1968 na Munich 1972. Tatu za mwisho alikuwa nahodha. Kule Tokyo Kenya ilishika nafasi ya sita. Mtu hapewi unahodha miaka yote hiyo kama haonekani.

Beki mzuri hudumu, mama. Mshambuliaji anategemea sana mbio, na mbio huondoka mapema. Beki anategemea macho, kiuno kinachokubali kuinama, na sauti. Mwulize binti kuhusu kona fupi, ile adhabu inayopigwa timu ikifanya kosa karibu na goli lake. Mpira unasukumwa kutoka mstari wa goli, unatulizwa nje ya duara, yaani ile nusu duara iliyochorwa mbele ya goli, halafu unapigwa. Wanaolinda ni kipa na wenzake wanne tu. Waliobaki wamepelekwa mpaka katikati ya uwanja. Mmoja kati ya hao wanne hutoka mbio kumkabili mpigaji, gongo chini, huku akijua mpira ule wa gramu 160 hivi unaweza kumjia mwilini. Mimi ndiye niliyekuwa nikitoka. Hakuna goli nililowahi kufunga likanipa furaha kama mipira niliyoizuia pale.

Sasa meno. Hofu yako ni ya haki. Kate Richardson-Walsh, beki na nahodha wa Uingereza, alipigwa gongo la taya kwenye mechi ya kwanza ya Olimpiki ya London 2012, dhidi ya Japani. Taya lilivunjika. Akafanyiwa upasuaji, akawekewa kipande cha titani, akakosa mechi mbili tu na kurudi uwanjani. Walipata shaba. Miaka minne baadaye, Rio 2016, akiwa bado nahodha, walichukua dhahabu mbele ya Uholanzi. Alistaafu akiwa amecheza mechi 375 za kimataifa. Simsimulii ili binti aige kurudi na taya bovu. Hilo sitaki kabisa, na yeye alikuwa na madaktari pembeni. Nasema umri wa kuchezea hoki ni mrefu, basi mdomo ulindwe tangu sasa. Kinga ya meno inunuliwe kabla ya gongo jipya. Ile ya kuchovya maji ya moto na kuing'ata ikae sawa inatosha. Kinga za ugoko tafuta mitumba ya pale soko la Memorial, hapo Moshi. Za mpira wa miguu zinafaa. Na kwenye kona fupi mabeki wanaruhusiwa kuvaa kinga ya uso, kwa hiyo mwalimu akiambiwa hayo asishangae.

Kuishi kwa mchezo: hapana, si hapa kwetu kwa sasa. Wachezaji ninaowafahamu wana kazi zao, mazoezi ni jioni. Shule isiguswe hata siku moja.

Kuna jambo linaniuma nalo nalisema. Mwaka 1980 Tanzania ilipeleka timu ya hoki Olimpiki ya Moscow. India, waliochukua dhahabu, walitufunga 18 kwa bila. Mtaani kwetu watu walicheka. Mimi nilikuwa kijana, sikucheka. Niliwaza wale mabeki, dakika 70 za kuzuia wimbi baada ya wimbi. Beki hujifunza kwa kukutana na washambuliaji wanaomzidi, na ukikutana nao kwa mara ya kwanza Olimpiki umechelewa. Kwa hiyo mwombe mwalimu amchezeshe binti na wavulana, na timu za Arusha zikija Moshi asikose. Ajizoeze pia mpira wa chini wenye kasi, kwa sababu mashindano makubwa huchezwa kwenye kapeti, yaani nyasi bandia, tangu Montreal 1976 kwa upande wa Olimpiki, na huko mpira haurukiruki kama kwenye vumbi letu.

Na baba yake, mama, mlete uwanjani mechi ijayo. Asikae pembeni na wazazi wengine. Asimame nyuma ya goli la timu ya binti, mbali kidogo na nyavu, aangalie kona fupi tatu kutoka pale. Kisha niandikie alichosema.