Nepi zipigwe pasi au zikunjwe tu?

SWALI: Kwetu nguo za ndani zikikauka zilikunjwa tu. Mama mkwe anapiga pasi kila kitu, hadi nepi na soksi, akisema bila hivyo mtoto ataota majipu. Ni kweli, au tunamaliza umeme bure?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Mama mkwe yuko sahihi, dada, hasa kwa nguo zilizoanikwa nje. Kuna nzi wa rangi ya manjano iliyofifia, wengi humwita nzi wa maembe. Hukwepa jua kali, hutaga kwenye mchanga wenye mkojo au kwenye nguo mbichi zilizo kivulini. Mayai huanguliwa baada ya siku 1 hadi 3, na buu akigusa ngozi hujipenyeza. Ndilo lile jipu lenye tundu dogo katikati.

Kinachomuua ni joto, si unyoofu wa nguo. Kupitisha pasi upande mmoja haraka hakutoshi: geuza nguo, kandamiza polepole kwenye pindo, mishono na kiunoni. Nepi za pamba huhimili joto kali. Nailoni itayeyuka, hiyo ianike ndani, dirisha liwe na wavu. Na tafadhali, msianike nguo kwenye majani.

Umeme ukikatika, pasi ya mkaa inafaa vilevile. Ikikosekana, nguo zikae wiki 2 bila kuvaliwa, mabuu yafe njaa.

Jipu likitokea msilikamue kwa nguvu, buu akipasukia ndani huleta uvimbe. Zibeni tundu kwa mafuta ya mgando ili akose hewa na kujitokeza. Mtoto mchanga apelekwe zahanati.