Usianze kwa kugawa, mwanangu

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Unauliza ugawe nusu ya vitu vyako ili uanze kuishi na vichache, afu mwishoni ukaongeza kaswali kadogo, hivi mama hata nikiacha kununua mimi mmoja kuna kitakachobadilika kweli? Nakuandikia manake kwenye simu tukianza tunarukia mambo mengine.

La kugawa naomba usubiri kwanza. Mimi nilishawahi kufanya hivo ukiwa bado mdogo, nikatoa mabegi manne ya nguo na viatu, nikajisikia mwepesi kweli kweli, wiki nzima nafungua kabati naliangalia tu lilivyo na nafasi. Mwaka haujaisha limejaa tena, na kilichoniuma ni kwamba vingine nilinunua vilevile nilivyotoa, sketi nyeusi niligawa na sketi nyeusi nikanunua. Ndo nikaelewa shida haikuwa kabatini, ilikuwa mlangoni vinapoingilia.

Kitu kikishatengenezwa hasara kubwa imeshatokea. Tisheti moja ya pamba inakadiriwa kutumia maji lita 2,700 hivi mpaka ikufikie wewe, mengi yake ni ya shambani huko pamba inakolimwa, na simu nayo sehemu kubwa ya uchafuzi wake inatokea wakati inatengenezwa, sio unapoichaji. Kwa hiyo tisheti uliyonayo ukiivaa miaka mitano badala ya miwili umefanya jambo kubwa kuliko kuitoa halafu ukaagiza nyingine iliyoandikwa rafiki wa mazingira.

Na hiyo simu, umesema inazima ikiwa na asilimia 20 na unataka mpya. Hiyo ni betri mwanangu. Betri za simu nyingi zinaanza kuchoka zikishachajiwa sifuri mpaka mia kama mara 500 hivi, ni kawaida yake, badilisha betri tu, utaona. Mwaka 2022 peke yake dunia ilitoa tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na inayojulikana kwamba ilikusanywa na kurejelezwa inavyotakiwa haifiki hata robo yake. Inaniuma kufikiria ni simu ngapi mle ndani zilikuwa nzima kasoro betri.

Usijione mdhaifu pia, umesema huna nidhamu, mi sikubali. Kuna watu wanakaa kwenye meza wanapanga ununue tena. Mwaka 1924 makampuni makubwa ya balbu yalikubaliana balbu iwake masaa 1,000 tu, wakati tayari zilikuwepo zinazofika 1,500 na kuendelea, na kiwanda kilichotoa za kudumu zaidi kilipigwa faini! Sa hivi wauzaji wa mtandaoni wana njia nyingine, ile saa ya ofa inayohesabu kurudi nyuma, yale maneno ya zimebaki mbili tu, kadi yako ya benki imeshaseviwa kwenye app yao, unabonyeza mara moja uko kitandani usiku umechoka na kitu kimeshanunuliwa. Ifute hiyo kadi leo. Ukilazimika kuinuka kwenda kutafuta pochi uandike zile namba zote, mara nyingi hamu inakuwa imeisha.

Mimi nina daftari, kurasa za nyuma naandika kila ninachokitamani na tarehe, nasubiri siku 30. Mwaka jana niliandika vitu 31, nikanunua 6, na kuna vingine nikivisoma sasa sikumbuki hata nilivitakia nini. Vile 6 navitumia vyote.

Sasa kaswali kako. Peke yako hizo tani za taka hutazipunguza, sikudanganyi. Ufaransa tangu 2021 simu na laptop zinauzwa zikiwa na alama inayomwonyesha mnunuzi kinatengenezeka kirahisi kiasi gani, na mambo kama hayo hayaji kwa mtu mmoja kukaa kimya bila kununua, yanakuja watu wakidai. Ila naamini anayedai kwa nguvu ni yule aliyewahi kujaribu kutengeneza kitu chake akakuta kimegundishwa, hakifunguki, spea haiuzwi. Ukianza kutunza vitu utakuwa mtu huyo, utauliza maswali kabla ya kulipa, na wenzako ofisini watakusikia ukiuliza.

Lile koti la bluu ulilosema zipu imekufa usilitoe. Angalia meno yake, kama yote yapo basi kilicholegea ni kile kichwa kinachopanda na kushuka, chukua plaizi ukibane taratibu pande zote mbili, kidogo kidogo, ukibana sana kitagoma kutembea. Ikishindikana lilete ukija, vichwa vya zipu ninavyo kwenye kopo la vifungo.

Mama yako