CAN kwenye Linux: shika multimita kwanza, kibodi baadaye

CAN ni laini ya waya mbili, CAN High na CAN Low, ambayo kompyuta za injini na magari zinaongea kwayo, na kwenye Linux inaonekana kwa jina can0. Mafundi wengi wanaonipigia kwamba can0 haisomi kitu wanakuwa wameshabadilisha kerneli, wameshafleshi kadi upya, lakini ukimuuliza umepata omu ngapi kati ya CAN High na CAN Low anakaa kimya. Anza hapo. Zima umeme wa mtambo mzima, pima kati ya waya hizo mbili. Ukipata kama 60 uko sawa, maana kila ncha ya laini inakaa rezista ya omu 120, na zikiwa mbili sambamba unapata 60. Ukipata 120 kuna moja haipo, ukipata 40 kuna ya tatu imejiingiza, na mara nyingi hiyo ya tatu ni yako mwenyewe, angalia kile kijampa kwenye moduli yako, kichomoe.

Mimi kazi zangu ni jenereta na malori, nasoma data za injini za J1939 (lugha ya CAN ya malori na injini kubwa) kwa Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya Linux, na moduli ya MCP2515, chipu inayoiunganisha Pi na CAN. Hii moduli ina mtego mmoja unaopotezea watu siku nzima. Kuna kikopo kidogo cha fedha pale juu, hiyo ndiyo kristali inayopiga saa ya chipu, kisome kimeandikwa nini. Kama ni 8.000 basi kwenye config.txt unaandika hivi:

dtparam=spi=on
dtoverlay=mcp2515-can0,oscillator=8000000,interrupt=25

Watu wanakopi tu mstari wenye 16000000 wanaendelea na maisha. Kerneli haipimi kristali, inaamini ulichoiambia, kwa hiyo unaomba spidi ya biti 250000 kwa sekunde kumbe kwenye waya inatoka 125000, na dmesg (kumbukumbu za kerneli) inakuambia imefanikiwa, can0 inapanda bila kelele, ila husomi chochote. Halafu umeme, Pi ni volti 3.3 ila moduli nyingi zina transiva (chipu inayoendesha waya za CAN) ya TJA1050 inayotaka 5, ukiipa moduli nzima 5 hizo zinarudi kwenye pini za Pi. Tafuta yenye transiva ya 3.3 kama SN65HVD230, pesa inayoongezeka ni ndogo kuliko kununua Pi nyingine.

Mezani ukiwa na kifaa kimoja tu usitegemee kutuma. CAN inataka kuwe na mwingine wa kukiri kwamba amepokea, asipokuwepo chipu inarudia fremu ileile bila kuchoka, foleni inajaa unapata "No buffer space available", watu wanakimbilia kuongeza txqueuelen, yaani urefu wa foleni, wakati dawa ni kifaa cha pili.

Ukifika kwa mteja, injini siyo yako bwana, ingia kwa kusikiliza tu:

ip link set can0 type can bitrate 250000 listen-only on
ip link set can0 up
candump can0

Bila listen-only ukikosea spidi unaanza kurusha fremu za makosa kwenye laini inayofanya kazi. Kwenye lori lenye plagi ya pini 9, C ni High na D ni Low, na plagi ikiwa ya kijani tegemea 500000, siyo 250000.

Mambo yakikaa sawa kwenye jenereta utaona kitu kama hiki:

can0  0CF00400  [8]  FF FF FF E0 2E FF FF FF

Baiti ya nne na ya tano ndiyo mzunguko wa injini, zigeuze iwe 2EE0 ya heksadesimali, yaani 12000 ya kawaida, zidisha 0.125 unapata mizunguko 1500 kwa dakika. Jenereta nyingi za 50 Hz za aina hii zinazunguka hapohapo 1500, kwa hiyo hata huhitaji kuuliza mtu kama unasoma kweli.

Masaa ya injini ni habari nyingine, hayo kwa kawaida yanatoka ukiyaomba, maana yake lazima utoe listen-only, na ukishaanza kutuma weka restart-ms 100 (ijiwashe upya baada ya milisekunde 100), la sivyo siku makosa yakizidi can0 itaingia BUS-OFF, yaani itajitoa kwenye laini, na kubaki hivyo mpaka mtu afunge safari. Mimi naandika kwenye faili la systemd-networkd, huduma ya Linux inayowasha mitandao, /etc/systemd/network/80-can.network, ili umeme ukikatika na kurudi ijiwashe yenyewe:

[Match]
Name=can0

[CAN]
BitRate=250K
RestartSec=100ms